Mama Hapimwi na Mkwe

Mama alitufikia Mudzipela kutoka Kasenyi na ndoo ya samaki wa Ziwa Albert, akasema amekuja kusalimia wajukuu. Siku nilipofua nguo zake nikaona damu. Na Mama alikoma hedhi kabla mimi sijaolewa.

Nilimwambia mume wangu, naye kwa wema wake akazua kizaazaa. Mdogo wake ni daktari, na kesho yake alikuwa zamu. "Atampima yeye, hatutapanga hata mstari." Mama alikuwa uani anachambua sombe. Alisikia, asijibu.

Asubuhi kitanda kitupu, mfuko haupo, ndoo haipo. Mtoto mkubwa akakimbia kumtafuta kanisani. Mimi na mume tukapanda pikipiki mpaka pale magari ya Kasenyi yanapopakia. Mama huyo, ameketi kando ya dereva, nauli ameshalipa. Mume wangu akasimama mbali, maana maneno haya hayasemwi mkwe akisikia.

Nikamtajia Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Yeye si mwanaume? Si maelfu ya wanawake wamejilaza mbele yake, akawatibu?

"Mukwege si mkwe yangu," Mama akasema. "Huyu mtoto wenu nitamgawia chakula Noeli. Nitamwangalia na macho gani?"

Basi mwanamke? Nikamtaja mkunga wa mtaani kwetu. Huyo akamkataa upesi zaidi: ni binti wa jirani yake Kasenyi, habari ingefika ziwani kabla ya gari. Alichotaka Mama ni mtu asiyemjua. Akiwa mwanamke, vizuri. Akiwa mwanaume mzee, si kitu, mradi mwanamke awemo chumbani.

Iliniuma kwamba hayo yalisemwa ndani ya gari la abiria. Hospitalini, kwenye dirisha la kuandikisha, wanauliza jina, umri, mtaa, na pesa ya fishi. Kuuliza "unataka nani akupime?" hakuna bei. Damu inayokuja baada ya hedhi kukoma inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wake, na saratani haingoji aibu iishe. Wako wangapi wanaofua vitambaa usiku, kwa sababu tu hawaulizwi swali hilo?

Nauli tukamwachia dereva. Tukaenda hospitali ya upande mwingine wa mji. Daktari alikuwa mzee, mtu wa Kisangani. Muuguzi, mwanamke, akafunga mlango, akamfunika Mama kitenge, akasimama karibu na kichwa chake. Daktari alieleza kila jambo kabla ya kugusa, akamwambia akisema basi, anaacha. Akakuta kinyama kwenye mlango wa kizazi, akakiondoa, kikapelekwa maabara. Jibu likarudi: si saratani.

Shemeji bado anauliza kwa nini hatukufika siku ile. Tumemwambia pikipiki iliharibika njiani. Noeli Mama alimpa kichwa cha samaki.