Kutema kwa Maksi

Kwetu Muheza, mtoto aliyenusa chakula kabla ya kula alinyang'anywa sahani. Aliyevuta chai kwa kelele alikodolewa macho. Aliyetema mbele ya wageni, huyo habari zake tuziache. Sasa mtu uliyelelewa hivyo ukalishwe Ponte de Lima, kaskazini mwa Ureno, mbele ya safu ya glasi, mwalimu akuamuru unuse, uvute kwa kelele, uteme, halafu uujazie kila mvinyo fomu ya maksi hadi 20.

Tulianza na mweupe wa Loureiro, zabibu ya bonde hilo la mto Lima. Kunusa nilimudu: maua, ndimu, basi. Jirani yangu, mzee mstaafu aliyekuja na daftari lake, alifumba macho akatangaza jiwe lililonyeshewa mvua. Nikanusa upya. Jiwe sikulipata.

Ukaja Alvarinho wa Monção, mzito zaidi, na hapo tukatakiwa kuvuta hewa huku mdomo umejaa, harufu ipande puani kupitia nyuma ya koo. Hoja yenyewe haina kasoro, kwani sehemu kubwa ya ladha huipata pua. Utekelezaji ndio balaa. Mvinyo ukashika njia ya pumzi, nikakohoa hadi machozi, na mzee akaandika kitu daftarini.

Halafu kutema. Wenye kazi yao hurusha uzi mwembamba, kimya, ukatua katikati ya ndoo. Wangu ulitoka manyunyu. Mama wa upande wa pili alikuwa na suti ya rangi ya maziwa, na namshukuru Mungu kwamba zamu ilikuwa bado ya mweupe.

Mivinyo myekundu ilikuja na hotuba. Tulisimama glasi mkononi tukielezwa jinsi waziri Marquês de Pombal alivyoweka mipaka ya mashamba ya Douro mwaka 1756, mpaka mkono ukafa ganzi. Baga wa Bairrada haukuhitaji hotuba: tanini yake ilinikaza ulimi kama nimetafuna bibo bichi. Wareno huunywa na nguruwe mchanga wa kuokwa, na mafuta yale huulainisha. Sisi tulipewa biskuti kavu.

Wa mwisho ulikuwa Vinhão. Zabibu nyingi nyekundu rangi yake iko kwenye ganda tu. Hii imeiva rangi hadi nyama ya ndani. Wenyeji huumimina kwenye bakuli jeupe la kauri, ukapaka kuta zote zambarau. Ni mchachu, una gesi kidogo, na hauna cha kujifanya. Mzee aliupa 11, akisema ni kinywaji cha wakulima. Mimi niliupa 17 kwa sababu hiyohiyo, na bado nausimamia. Ndio pekee ambao hakuna aliyeutema, hata yeye.

Tukapiga picha ya pamoja, wote tukicheka, nami nikairusha kwenye kundi la ukoo bila kuikagua. Meno yalikuwa zambarau kuanzia mwalimu hadi mama wa suti. Shangazi alijibu kabla ya wote: "Mwanangu, huko Ulaya tambuu mmeipata wapi? Ukija nibebee, hii ya hapa siku hizi haishiki rangi."