Namna ya Kumpokea Mdai wa Deni Lililozeeka

Deni likizeeka halistaafu, linahama ofisi tu. Ulikopa laki mbili kwa bwana mmoja mwenye meza, kalamu na kalenda ya mwaka juzi, ukatia saini, mkapeana mikono. Leo unapigiwa na binti mwenye sauti ya mtangazaji anayekuarifu kwamba imekuwa laki sita na nusu, na ukimuuliza yule bwana yuko wapi, hamjui. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Hautakufundisha kulipa, maana mwongozo wa kulipa ni mfupi na unaujua tangu utotoni. Utakufundisha kuongea.

Kwanza, pokea simu. Najua umezoea kula kona, ukiona namba ngeni unaigeuza simu kifudifudi kama vile deni linaingia kwa macho. Ukiacha kupokea namba usizozijua utakosa kazi, utakosa mzigo wako stendi na utachelewa msibani, huku mpigaji akiwa na laini nyingine za akiba mezani. Na tukitaja msiba, visingizio hivyo navyo vina ukomo. Bibi mzaa mama hufariki mara moja, na mzaa baba mara moja. Ukifika kwa bibi wa tatu, kumbuka kwamba wenzako wana kompyuta, na kwenye faili lako kuna tarehe za mazishi yote.

Ukishapokea, sikiliza saa. Saa tatu asubuhi wewe ni "mpendwa mteja". Saa nane mchana unabaki mteja, upendo umekwisha. Ikigonga saa kumi na moja jioni, wakati wa kufunga hesabu za siku, unaitwa majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na hapo polisi, mahakama na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanaingia wote kwenye sentensi moja. Usimkasirikie. Anayekupigia analipwa kwa kinachoingia, hajawahi kukuona, na kwake wewe ni mstari kwenye jedwali kati ya mama muuza vitenge na dereva wa bodaboda.

Mjibu kwa adabu iliyopitiliza. "Dada yangu, nashukuru kwa kunikumbuka. Naomba unitajie kampuni yenu, halafu unitumie nakala ya mkataba na mchanganuo: asili shilingi ngapi, riba ngapi, faini ngapi, na nyinyi deni hili mmelipataje." Kisha nyamaza. Kimya kitakachofuata ni kitamu, usikiharibu kwa kukohoa. Mara nyingi kilichowafikia ni jina, namba ya simu na kiasi, basi. Mchanganuo ukija, usome ukiwa umekaa. Benki Kuu ya Tanzania iliwawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Wako wajanja walioutii ukomo huo kwa moyo mweupe: riba wakaiacha asilimia 3.5, na chini yake zikaota ada ya fomu, ada ya uchakataji, ada ya ufuatiliaji na faini ya kila siku. Ukizijumlisha utagundua kwamba unalipia pia hiyo simu mnayoongea.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo, ambacho ni elfu tano.

Baada ya vitisho kushindwa, atarudi mtu mwingine, safari hii mwanamume mwenye sauti ya kaka mkubwa. "Bro, mimi nakuelewa kabisa. Maisha yamebana wote. Tuma hata elfu tano tu, nimwonyeshe bosi kwamba una nia njema, nikutoe kwenye orodha ya wanaopelekwa mahakamani." Utaguswa. Elfu tano ni nini? Ni vocha, ni nusu kilo ya nyama na nyanya za kuungia. Utafungua simu uanze kutafuta menyu ya kutuma pesa.

Ngoja kwanza. Tanzania kuna Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ya mwaka 1971. Inampa mwenye madai ya mkataba miaka 6 ya kufungua kesi tangu haki yake ya kudai ilipoanza. Kenya nao wana sheria yao ya ukomo, na kwa mikataba miaka ni hiyohiyo 6. Mdai akilala hadi miaka ikapita, mlango wa mahakama unafungwa. Lakini kuna kipengele ambacho kaka mkubwa anakijua hata kama hajasoma sheria: ukilipa chochote ndani ya muda huo, au ukalikiri deni kwa maandishi na saini yako, saa inarudishwa mwanzo. Deni lililobakiza miezi miwili lifike ukingoni linaamka, linanawa uso na kuhesabiwa tena kuanzia siku ile. Umetuma elfu tano, umenunua miaka sita. Hakuna duka Kariakoo linalouza muda kwa bei hiyo.

Ndiyo maana anaomba kidogo. Angetaka deni angeomba deni.

Vivyo hivyo na zile meseji zako za "ntalipa mwisho wa mwezi bosi, nivumilie". Mawakili wanaweza kubishana mchana kutwa kama meseji ni maandishi yenye saini. Wewe usiwape kazi. Kama hujui deni lako lina umri gani, jibu lako ni moja, "Nimepokea madai yenu, naomba vielelezo", halafu nenda kachimbue makaratasi utafute tarehe. Na usije ukadhani ukomo unamfunga mtu mdomo. Ataendelea kupiga, na akifungua kesi wito ukakufikia, nenda mahakamani na tarehe zako mkononi. Anayeukimbia wito hukuta hukumu imemtangulia nyumbani.

Mikopo ya programu za simu ina ufundi wake. Siku ile unabanwa na kodi ya nyumba ulibonyeza "Ruhusu" mara nne bila kusoma, na moja ya ulivyoviruhusu ni orodha ya majina yote kwenye simu yako. Siku ya marejesho ikipita, ujumbe unatoka kwa herufi kubwa: "MWAMBIE NDUGU YAKO ALIPE MKOPO WAKE LEO KABLA YA SAA 10 JIONI. WEWE NDIYE MDHAMINI." Unamfikia mama mkwe, unamfikia mchungaji, unamfikia Mama Chapati na Fundi Bomba Tabata. Mama mkwe anafunga siku tatu kukuombea. Fundi Bomba anajibu palepale: "Mkimpata mniambie na mimi, namdai elfu ishirini na tano ya koki." Unamfikia hadi yule uliyemhifadhi kwa jina la "Usipokee 2", ambaye naye ni afisa makusanyo wa kampuni nyingine, na nasikia wakikutana kwa namna hiyo huwa wanasalimiana vizuri tu.

Mchezo huu umeshaanza kuingia mchanga. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaja na Tume yake, nayo inapokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Kenya walitangulia: kanuni zao za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutukana, kutisha na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mkopaji, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja yenye programu mbili za mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 za kwao. Kwa hiyo kila tusi linalokufikia lipige picha, liweke na tarehe. Umezoea kuhifadhi vichekesho vya WhatsApp, hifadhi na hivi.

Lakini kwa usiku huu, kabla Tume haijafungua ofisi, kuna njia ya haraka. Mtangulie mdai. Ingia kwenye kundi la familia, kabla yake, uandike: "Wapendwa, mtapokea ujumbe kunihusu. Ni kweli nilikopa, bado sijamaliza. Hakuna hata mmoja wenu niliyemwandikisha udhamini." Mjomba atatoa hotuba, shangazi atauliza zile pesa za kitchen party zilikwenda wapi, na wewe utaona haya jioni moja. Mwenzako aliyekuwa akiuza aibu yako rejareja atafika sokoni akute umeshaigawa bure.

Ajapo mtu mlangoni, tazama karatasi kabla ya kutazama kifua chake. Fulana ya kuakisi mwanga na gari aina ya Canter haviwi amri ya mahakama. Dalali wa mahakama wa kweli ana amri yenye namba ya kesi na mhuri, na hata huyo hachukui kila kitu. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za fundi sheria imeviweka kando. Televisheni haimo, hata kama hutazami kingine zaidi ya mapishi. Ukitishiwa polisi, uliza kosa ni lipi: deni ni madai, si jinai, ili mradi hukukopa kwa kitambulisho cha marehemu. Ipo jela ya madai, ndiyo, ila inapitia kwa hakimu, ukomo wake ni miezi 6, na anayekufunga ndiye anayelipia chakula chako. Hapo wengi hupata huruma ya ghafla. Usiifurahie mno, maana ukitoka deni unalikuta palepale.

Aliyekudhamini asisahauliwe. Kwa Sheria ya Mikataba dhima yake inalingana na yako, kwa hiyo ukiingia mitini wewe, anayegongewa mlango ni yeye, na kosa lake lilikuwa kukuamini.

Onyo: hakuna hata neno moja kati ya haya linalofanya kazi kwa akina mama wa kikoba. Hao hawapigi simu. Watakuja saba, wamejifunga kanga, watakaa kwenye kochi lako, wataomba chai, wataisifia, na hawataondoka. Ile orodha ya vyombo vya kupikia hawajaisoma. Walipe.

Na kama baada ya kuchimbua makaratasi umekuta deni ni la kweli, bado halijafikisha miaka na mdai ni halali, usione haya kupatana bei. Deni la muda mrefu mwenyewe ameshalikatia tamaa nusu, na mwisho wa mwezi anapotafuta kufikisha lengo anasikiliza. Taja asili bila mapambo, useme utalipa kwa mkupuo, halafu subiri. Akikubali, akubali kwa barua kabla hujatuma, na barua iseme "deni lote", si "sehemu". Tuma kwenye namba ya kampuni. Ukiandika namba aliyokupa na jina likatokea la mtu binafsi, rudisha simu mfukoni. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, yenye mhuri, maana jedwali lako halifutwi, linauzwa, na mwakani atakupigia binti mwingine mwenye sauti nzuri kuliko huyu.

Barua hiyo itolee nakala tatu. Moja mpe mama, moja iweke kwenye Biblia au msahafu, moja kaa nayo. Usiipige picha tu ukaridhika, kwa sababu simu yenyewe, tukisema ukweli, Januari ada za shule zikifika utaiweka rehani.