Mwongozo wa Mtu wa Chumvi Aliyeoa Kwenye Sukari

Mdogo wangu, nimesikia mahari imepokelewa Pangani na tarehe imepangwa. Hongera. Wazee watakuusia subira, shehe atakuusia haki za mke, na rafiki zako watakuusia mambo nisiyoweza kuyaandika hapa. Hakuna atakayekuambia habari ya uji. Mimi nilioa hukohuko miaka 13 iliyopita bila kuambiwa, na asubuhi yangu ya kwanza ukweni nilipokea bakuli, nikapuliza, nikapiga funda moja, nikadhani wamenimiminia dawa ya kikohozi ya mtoto.

Wewe na mimi tumekulia Kondoa. Uji wetu ulikuwa wa uwele au wa ulezi, ukitiwa chumvi na kunywewa kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. Sukari ilikaa kwenye kopo, kopo likakaa ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ukakaa kwa baba. Sisemi sisi Warangi wote tuko hivyo. Nasema nyumba yetu.

Sasa nisikilize.

Hatua ya kwanza: nyamaza

Ukipewa uji ukweni usiulize umetiwa nini. Kwetu ni swali la kawaida, kule ni kama kumuuliza mwenyeji wako kama kuku kachinjwa kihalali. Sema bismillahi, kunywa, shusha bakuli. Kosa langu lilikuwa kuongea. Mama mkwe aliniuliza, kwa upole kabisa, uji wa kwetu ukoje, nami nikajibu: “Mtamu sana, mama.” Akafurahi. Wiki nzima nikapendwa.

Hapo ndipo utaona Kiswahili kimezaliwa pwani na kina upande wake. Utamu ni ladha ya sukari, na utamu huohuo ni kila kinachopendeza mdomoni. Pilau ni tamu, mchuzi wa papa ni mtamu, maharage yakiungwa vizuri ni matamu. Sisi watu wa chumvi hatukubakishiwa neno letu wenyewe. Tukisifu uji wa mama zetu inabidi tuazime neno la wapinzani. Ilipofika siku ya nane, shemeji yako, yaani mke wangu, akanisaliti: “Mama, kwao wanatia chumvi.” Mama mkwe alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeokotwa. Tangu siku hiyo bakuli langu hujazwa mpaka ukingoni.

Hatua ya pili: jua unachokipinga

Usibishane na uji ambao hujawahi kuupika. Mimi nilipelekwa jikoni Ramadhani ya pili, adhabu ikiwa imevikwa joho la heshima. Nilipewa mbuzi. Nazungumzia mbuzi wa kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Usije ukaanza kutafuta kisu. Unakaa juu yake, unashika kifuu kwa viganja viwili, unazungusha. Nikakuna kwa bidii, nikitaka waone kwamba watu wa bara tuna nguvu. Sauti ikatoka jikoni: “Baba, unatukunia na kifuu?” Nikatazama kwenye sinia. Nazi yote ilikuwa na vumbi la kahawia.

Ikaletwa nazi nyingine na shemeji mdogo wa miaka kumi akakuna yeye.

Nazi iliyokunwa hukandwa kwa maji ya vuguvugu, ikakamuliwa kwenye kifumbu. Mkamuo wa mwanzo ni tui la kwanza, zito, linawekwa kando kwenye bakuli na kufunikwa. Ukirudia kwa maji mengine unapata tui la pili, jepesi, nalo ndilo la kupikia. Unga wa mchele au wa mtama unavurugwa kwanza kwa maji ya baridi pembeni, maana ukiutupa mkavu kwenye sufuria ya moto utapata mabonge, na mabonge pale nyumbani hayasameheki. Kisha unamimina taratibu huku mwiko ukizunguka, na mwiko hausimami hata ukisikia mtu anaita hodi. Zinakuja pilipili manga na hiliki, zimetwangwa papo hapo kwenye kinu kidogo. Sukari. Mwishoni kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, tui la kwanza, na hapo huachi kukoroga, kwa sababu likichemka kwa fujo litakatika na utakuwa umeharibu kazi ya saa nzima.

Nimeeleza kirefu kwa sababu moja. Mtu akiwa amefanya yote hayo tangu alasiri, akiwa na saumu, kisha wewe ukamwomba kichupa cha chumvi, utakuwa umeomba talaka.

Kumbuka tui la kwanza na la pili. Nitalirudia.

Hatua ya tatu

Hatua ya tatu ilihusu bei ya sukari. Shemeji yako ameisoma na kuniamuru niifute. Nakuachia kipande.

Mwanzoni mwa 2024, unakumbuka, mvua za El Niño ziliingia mashambani, miwa ikashindikana kuvunwa, viwanda vikazalisha kidogo, na kilo ya sukari ikapita shilingi 4,000 madukani. Nikaona siku yangu imefika. Nilitoa hotuba mkekani kuhusu uchumi wa kaya, nikataja hadi kabati la baba. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza. Kesho yake uji ukaja umetiwa tende zilizopondwa. Tende ile ilikuwa ghali kuliko sukari.

Na hapa nikuibie siri, kwa kuwa wewe ulikuwa hujazaliwa. Usije ukaenda huko na falsafa kwamba chumvi ni msimamo wetu wa kale. Mama yetu alikuwa akitia sukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ikawa ya foleni: mtu anaamka alfajiri, anapanga jiwe kwenye mstari, anarudi mchana na nusu kilo au na jiwe lake. Mama akahamia kwenye chumvi kwa muda, mpaka mambo yatengemae. Mambo yalipotengemaa ndimi zetu zilikuwa zimeshakula kiapo. Jambo hili lisifike Pangani.

Hatua ya nne: historia, itumie kidogo kama pilipili

Mimi niliitumia vibaya. Nilimwambia shemeji yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu, kwamba sukari ni kitu cha juzi na uji wa mababu ulikuwa wa chumvi. Akaweka kikombe chini. Akaniambia Pangani ilikuwa na mashamba ya miwa katika karne ya 19, kabla Mjerumani hajatia mguu, na kwamba Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 wakamnyonga hapohapo Pangani mwaka uliofuata, alikuwa mwenye shamba la miwa. Miwa hiyo ililimwa na watumwa. Hilo nililisema mimi, na meza ikawa kimya kidogo. Kisha akaniuliza: “Na chumvi yenu ya Kondoa inatoka wapi?”

Sikuwa nimejiandaa. Chumvi ya dukani kwetu, ndugu yangu, sehemu yake hutoka pwani, kwenye majaruba ambako maji ya bahari huachwa yakakaushwa na jua. Mkoa wa Tanga unayo. Yaani wao ndio wanaovuna chumvi, wanaifunga kwenye viroba, wanatuuzia, halafu wanakaa kunywa uji wa sukari na kutucheka. Nikajitetea kwa Uvinza: kule Kigoma chumvi imechemshwa kutoka kwenye chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000, na ilisafiri bara nzima mabegani mwa watu. “Uvinza na Kondoa ni jirani?” akauliza. Nikanyamaza. Mwalimu mbaya sana kubishana naye.

Nikajaribu ughaibuni. Nikamweleza mama mkwe kwamba Uskoti kuna kijiji kinaitwa Carrbridge, tangu 1994 wanashindania ubingwa wa dunia wa kupika uji. Zawadi ni mwiko wa dhahabu. Na katika shindano kuu huruhusiwi chochote isipokuwa oti, maji na chumvi.

“Sukari hapana?”

“Hapana, mama.”

“Wana nazi?”

“Hawana. Kule ni baridi tupu.”

Akatikisa kichwa kwa huruma. “Maskini. Basi waache.”

Jirani yao mmoja, Mngoni aliyehamia kutoka Songea, akasikia kelele zetu akaingilia juu ya ua. Yeye alisema sote hatujui tunachokisema. Kwao huuotesha ulezi kwanza, wakauanika na kuusaga, na kimea hicho kikichanganywa kwenye uji uliopoa kidogo, uji wenyewe unalegea na kuwa na utamu pasipo mtu kutia kitu. Ni kweli kabisa: nafaka ikichipua hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na ndiyo asili ya togwa. Lakini hakuna aliyemshukuru. Wakati wa vita mtu mwenye suluhisho ni kero.

Hatua ya tano: daktari asiitwe

Utashawishika kusema sukari inaleta kisukari. Usiseme. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mama mkwe ana binamu mwenye presha ambaye yuko tayari kuja kutoa ushahidi. Ukimleta daktari atawanyang'anya wote wawili vikombe, mtabaki mnatazamana juu ya uji mweupe kama wa bwenini. Wa bwenini unaujua: una wadudu wa unga, hauna upande.

Mara moja tu tiba iliwahi kuingia kwenye ugomvi huu. Mwanangu wa kwanza aliharisha usiku tukiwa huko likizo, pakiti za zahanati zikatuishia. Mama mkwe akaamka bila kuitwa. Akachemsha maji, akayapoza, akapima lita moja. Vijiko sita vya chai vya sukari, kila kimoja akikifuta juu kwa kidole kiwe sawa. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akashusha kopo nisilowahi kuliona, akachukua nusu kijiko cha chumvi, akakoroga, akaonja. Alfajiri mtoto alikuwa anadai biskuti. Mimi, pamoja na hofu yote ile, nilibaki najiuliza kopo la chumvi linafanya nini karibu na hiliki.

Ningekuwa mtu wa kufikiri ningepata jibu usiku ule.

Hatua ya mwisho: magendo

Hatimaye niliacha hoja nikaingia kwenye vitendo. Mbinu ni hii. Utajitolea kukoroga. Watu wa pwani wanampenda mkwe anayekoroga, wanapiga picha. Kwenye mfuko wa kanzu unaweka chumvi kwenye kipande cha karatasi ya daftari, umekikunja kama dawa ya mganga. Unasubiri mama mkwe aende kuswali alasiri. Unatia. Si nyingi: ncha ya vidole vitatu kwa sufuria ya watu kumi na wawili. Wanaojua mambo ya ulimi wanasema chumvi kidogo hupunguza uchungu na kuuinua utamu, kwa hiyo unaweza kujiambia unafanya wema. Mimi nilijiambia hivyo kwa mwezi mzima wa Ramadhani. Kila magharibi nilikaa mkekani nikiwatazama wanakunywa uji wangu, wanalamba midomo, nikijihisi jasusi aliyefanikiwa.

Siku ya ishirini na saba mkono ulitetemeka. Karatasi ikafunguka yote.

Adhana ikasikika. Tukafungua kwa tende. Mama mkwe, ambaye amekula chumvi nyingi kuliko wote pale, kwa maana ile ya miaka, akachukua bakuli lake wa kwanza. Akapiga funda. Akaliweka chini polepole kwenye sinia, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akawatazama binti zake mmoja mmoja, kisha wajukuu, kisha mimi.

“Mimi nimeshatia yangu kwenye tui, kama siku zote,” akasema. “Nani katia chumvi ya pili?”