Zamu ya Ufagio

Dar es Salaam, dalali anakuonyesha chumba huku akili yake iko kwenye chumba kingine. Kinachotakiwa ni kodi ya miezi sita mkononi na kodi ya mwezi mmoja ya kwake. Ukishalipa wewe ni muungwana, hakuna anayeuliza ulikotoka wala madeni uliyoyaacha kwenye vikundi vya kukopeshana vya Vikoba. Nilipofika Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, kufundisha Kiswahili watu wazima, wengi wao wastaafu wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro, niliamini kwamba fedha itanisemea. Fedha haikupewa hata nafasi ya kujitambulisha.

Walitaka karatasi. Mwenye nyumba alitaka hati za mshahara za miezi mitatu iliyopita, na mimi ndiyo kwanza naanza kazi. Akataka cheti cha kuonyesha jinsi ninavyolipa madeni. Sijawahi kukopa hata senti moja katika nchi yao, nami nilidhani hiyo ni sifa! Akataka na akaunti ya benki. Benki wakataka hati ya kusajiliwa makazi. Manispaa wakasema kusajili ni lazima, tena ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, mradi nije na barua ya mwenye nyumba. Nikarudi kwa mwenye nyumba, naye akaniuliza: akaunti ya benki iko wapi?

Siku ya kutazama nyumba tulipanga foleni kwenye ngazi kutoka ghorofa ya tatu mpaka barabarani, kila mtu na faili lake kwapani, wengine wamebandika na picha, kama tumekuja kuposa. Aliyekuwa mbele yangu alisifu vitasa vya milango. Mimi nikasifu dari. Sijui ni dari au ni barua ya mwajiri wangu, lakini baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu.

Jambo moja niliwapigia makofi: tangu 2015 sheria yao inasema aliyemwita dalali ndiye anayemlipa. Nilipomsimulia kwa simu dalali wangu wa Sinza, Dar es Salaam, alinyamaza, kisha akaniuliza kwa huruma kama madalali wa huko wana kazi nyingine.

Basi nikakabidhiwa funguo. Tangazo lilisema vyumba viwili, jiko na bafu. Nikaingia jikoni nikakuta kuta nne, bomba linachungulia kutoka ukutani, na nyaya tatu zinaning'inia darini pale palipostahili taa. Mpangaji aliyetangulia alikuwa ameondoka na jiko lake, sinki lake, makabati yake na balbu zake. Mwenye nyumba alinishangaa kuliko nilivyomshangaa yeye. Jiko ni mali ya mpangaji, alisema, kila mtu anajua. Alisema hayo huku dhamana yangu ya kodi ya miezi mitatu iko kwake. Sheria hairuhusu kuzidisha hapo, naye hakupunguza hata siku moja.

Nikanunua jiko dogo la umeme la sahani moja, nikaliweka kwenye korido kwa kuwa ndiko kulikokuwa na taa. Nikakumbuka dagaa wa Kigoma waliokuwa kwenye begi. Sasa, sheria ya huko inataka king'ora cha moshi kiwepo chumba cha kulala na kwenye korido, jikoni hailazimishi. Yaani katika nyumba nzima, mahali pekee pa kukaangia dagaa kwa amani ni pale nisipokuwa na jiko. King'ora kililia, jengo zima likanifahamu. Bibi wa ghorofa ya pili alipanda na ngazi ya kukunja, akakizima mwenyewe, akanusa, akasema kitu kirefu ambacho nilielewa neno moja tu: dirisha.

Ni bibi huyo huyo aliyenitundikia kibao mlangoni. Katika nyumba nyingi za Stuttgart wapangaji hupeana zamu za wiki kufagia ngazi na njia ya mbele, na theluji ikianguka unaikwangua wewe. Desturi hiyo ina historia: kanuni za mji za mwaka 1492 zilikwisha kuwaamuru wakazi waondoe uchafu wao kila wiki. Ukiona kibao mlangoni, zamu ni yako. Nami nimelelewa kwamba uwanja hufagiliwa alfajiri. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa kwenye ngazi, nafagia kwa bidii ya mtoto aliyetumwa na shangazi. Milango ikafunguka mmoja mmoja. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni ukimya, nikaambiwa na watu wanne waliovaa makoti ya kulalia.

Bibi hakusema neno. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha la ngazi, akakitazama, akarudi ndani. Wiki iliyofuata nikakuta kibao bado kiko mlangoni kwangu. Nikashuka kumuuliza. Akasema nafagia vizuri kuliko yeye, na mgongo wake unauma. Nikatoa mkataba, nikamsomea kipengele cha zamu, polepole, kwa Kijerumani changu cha kubabaisha. Akasikiliza hadi mwisho, akanirekebisha sarufi mara mbili, akachukua kibao chake.

Kesho yake akaniletea keki ya tufaha kwenye sahani ya maua, akisisitiza sahani irudi kabla ya Jumapili. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nikairudisha na sambusa za pilipili mbuzi. Tangu hapo hajaniongezea zamu.