Nauli ya Ndani Inayopitia Nje
Kanuni isemayo kwamba tiketi ya ndege ya ndani, yaani ya safari isiyovuka mpaka wa nchi, ikatwe majuma kadhaa mapema ili nauli iwe nafuu, ni kanuni tamu, ila humdhania msafiri kuwa na uwanja wa ndege. Mkazi wa Uvira, mashariki mwa Kongo (DRC), aendaye mji mkuu Kinshasa alizoea kupanda bonde la Ruzizi hadi uwanja wa ndege wa Kavumu, kaskazini mwa Bukavu. Tangu waasi wa M23 walipoutwaa uwanja huo Februari 2025, mjadala wa kama nauli ni nafuu zaidi Jumanne au Jumamosi umepoteza maana. Uwanja wa jirani ni wa Bujumbura, nchini Burundi, mwendo wa kilomita zipatazo 30, mpaka ukiwa wazi (nao mpaka una ratiba yake usiyoichapisha). Huko Mkongomani atokaye Kongo kwenda Kongo huonyesha pasipoti. Akirudi kwa njia hiyohiyo, hukutana pale Ndjili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, na Go-Pass, tozo ya abiria kwa ajili ya viwanja vya ndege, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 10 kwa arukaye ndani ya nchi na dola 50 kwa aendaye ng'ambo. Arudiye kwake Uvira huhesabiwa kuwa aendaye ng'ambo.