Gari Tupu Haliondoki

Ninakaa Pipeline, Embakasi, ghorofa ya sita, kwenye ploti ambayo ukifungua dirisha kwa pupa unaweza kumgonga jirani wa ploti ya pili akisonga ugali. Mtaa wetu ulipata jina lake kwa bomba la mafuta lililoanza kazi mwaka 1978 kutoka Mombasa. Kwa hivyo mafuta ya ndege hupita chini, ndege zenyewe hupita juu, na sisi tuko katikati na mitungi yetu, tunangoja maji. Kwa miaka kumi na mmoja nimezisikia zikitetemesha vikombe kabatini usiku, na sikuwahi kujiuliza aliye ndani anafanya nini. Siku hizi najua. Anatafuta kitufe.

Mambo yalianza pale dada yangu aliye London aliponitumia tikiti nikamwone kwa wiki tatu. Ilikuwa tikiti ya kawaida, ya kule nyuma, na sanduku moja lisilozidi kilo 23. Akaagiza unga, omena na majani chai. Nikamuuliza ni nani hupeleka majani chai Uingereza. Akasema ya huko hayashiki rangi hata uyachemshe hadi kesho.

Nyumbani sina mizani. Nikalibeba sanduku hadi kwa mwenye bucha ninayenunua nyama kwake, akaipangusa mizani damu kwa aproni, akalipandisha. Ikasema 26. Mteja aliyeingia nyuma yangu akauliza kama hiyo ni ya leo. Nikatoa pakiti moja ya unga na nusu kilo ya majani chai, ikashuka hadi 23 kamili. Nikamshukuru kwa moyo wote na kumwachia ule unga.

Pale uwanja wa ndege wa JKIA sanduku lile lile likasoma kilo 20.

Nilisimama mbele ya kaunta nikipiga hesabu. Kilo tatu katika ishirini na tatu. Maana yake kila nilipolipia kilo ya nyama, gramu 130 zilikuwa zikibaki buchani. Kwa kilo moja ya kila Jumapili, miaka kumi na mmoja, hizo ni kilo sabini na zaidi. Mbuzi watano wazima, wameliwa na mtu niliyemwachia unga juu yake.

Nilikuwa bado nawaombolezea mbuzi wangu yule dada wa kaunta aliponiambia, "Daraja la kawaida limejaa. Tumekupandisha."

"Madam," nikasema, "nauli nilishalipiwa yote. Haiwezi kupanda na mimi nimeshafika stegi."

Msinicheke. Mtu wa Eastlands, huku kwetu mashariki mwa Nairobi, akisikia neno kupanda anashika mfuko. Matone matatu ya mvua yakidondoka Jogoo Road, nauli ya hamsini inakuwa mia kabla ya tone la nne.

"Nauli haijapanda," akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Wewe ndiye uliyepandishwa. Umewekwa daraja la biashara."

Baadaye nilielezwa kwamba mashirika ya ndege huuza viti kuliko vilivyopo, yakijua kuna abiria ambao hawatatokea. Siku wakitokea wote, mtu mmoja huweza kuhamishiwa mbele bure. Nilikuwa mtu huyo. Katika ukoo wetu sijui mwingine aliyewahi kupandishwa kitu isipokuwa presha.

Kosa langu la kwanza lilikuja mlangoni. Wakaita abiria wa daraja la biashara watangulie. Nikachungulia: hakuna aliyekuwa amepanda bado. Mimi nimezeeka kwenye matatu na kanuni ninaijua: gari tupu haliondoki. Makanga atakuapia kwa mama yake kwamba ni wawili tu wanaongojwa, na wale unaowaona ndani ni makamagera wamewekwa kukuvuta. Ukiketi tu, wanashuka mmoja mmoja, unabaki wewe na dereva. Kwa hivyo nikasogea kando nikangoja ijae. Waliingia wenye watoto, wakaingia wa nyuma, wakaingia wa katikati. Mimi nimeegemea nguzo, namwonea huruma kila anayeharakisha. Niliposikia jina langu likitangazwa uwanja mzima, tena limetamkwa vibaya, ndipo nilipokimbia, begi begani na mshipi mkononi, kwa maana tangu pale pa ukaguzi nilikuwa sijaurudisha kiunoni.

Kiti changu kilikuwa na ukubwa wa chumba nilichopanga nilipofika Nairobi mara ya kwanza, na kilikuwa na taa nyingi zaidi. Mkanda wa usalama sikuhitaji kufundishwa. Nilifundishwa na hayati John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, Februari 2004, matatu zote zilipolazimishwa kuweka mikanda na vidhibiti mwendo. Shida ni kile tulichojifunza. Mikanda ile ilichora mstari mweusi kwenye shati jeupe, hivyo tukazoea kuilaza mapajani bila kuifunga, na tukiona polisi tunashikanisha ncha mbili kwa vidole mpaka tumpite. Nilifanya hivyo hivyo. Mhudumu akapita, nikashikanisha. Akarudi, nikashikanisha. Mara ya tatu akainama, akanifunga yeye mwenyewe, klak, kama mtoto wa chekechea.

Kisha akaleta sinia lenye vitambaa vyeupe vya moto vilivyoviringishwa. Hapo nilijua la kufanya. Nimelelewa kwa birika na beseni, najua mgeni hunawishwa kabla ya kula. Nikafuta mikono, nikafuta uso, halafu joto likanikolea nikaenda hadi shingoni na nyuma ya masikio. Nilipokitazama kile kitambaa, vumbi la Outering Road yote lilikuwa pale. Nikakikunja upande mweupe uwe nje. Mhudumu akakichukua kwa koleo. Sijui kama koleo ni la kila mtu au ilikuwa shauri ya kitambaa changu.

Kati yangu na jirani kulikuwa na ukuta mdogo wa plastiki unaopanda na kushuka. Upande wa pili alikaa mzee mmoja wa koti la kijivu, miaka sabini na kitu, ametulia kama yuko sebuleni kwake. Nilimsalimia, "Shikamoo mzee," lakini ukuta ukaimeza.

Chakula kikaja juu ya kitambaa cha meza, na vichupa vya chumvi na pilipili manga vya ukubwa wa kidole. Nikaonja kuku. Hana ladha. Nikaongeza chumvi yote ya kichupa. Bado. Nilikuwa nikijiuliza kama matajiri wamekatazwa chumvi na daktari mmoja, ndipo mkono ulipotokea juu ya ukuta, umeshika kichupa cha pilipili ya kuponda.

"Tumia hii, kijana," ile sauti ikasema. "Kosa si la mpishi. Hewa ya humu ni kavu, pua inakauka, na ulimi bila pua hausikii ladha vizuri. Mimi husafiri na yangu."

Nikanyoosha mkono kukipokea, na kiwiko kikaangukia vitufe.

Kiti kikaanza kwenda. Hakikuharakisha. Kilinguruma taratibu kama lifti ya hospitali, mgongo unarudi nyuma, miguu inapanda, mwili mzima unateleza mbele kuelekea meza iliyobeba kuku, wali na glasi ya juisi ya nyanya. Nikabonyeza kitufe kingine, taa ikawaka. Nikabonyeza cha tatu, kiti kikaanza kunikanda kiuno huku kikiendelea na safari. Meza ilikuwa imekaza, haitoki. Nikavuta tumbo ndani hadi pumzi ikaisha, na pumzi ilipoisha tumbo likarudi lilipotoka. Juisi ya nyanya ikamwagika yote kwenye shati nililonunua Gikomba kwa ajili ya kumtembelea dada, mstari mmoja mpana kutoka kifuani hadi kiunoni. Hata mkanda wa Michuki haukuwahi kunichora hivyo.

Mzee akaushusha ukuta, akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza mahali. Kiti kikatulia.

"Wa wapi wewe?" akaniuliza, akinipa kitambaa chake.

"Pipeline."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mimi nilizaliwa Kaloleni, huko huko Eastlands."

Basi ukuta haukupanda tena. Mzee alikuwa fundi wa ndege. Alianza akiwa kijana mdogo pale Embakasi, katika East African Airways, lile shirika la Kenya, Uganda na Tanzania lililokufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Alikaza skrubu za viti vya daraja la kwanza kwenye ndege za Super VC10 kwa miaka, na hakukalia kiti cha mbele hata kimoja hadi binti yake alipomlipia tikiti akiwa amestaafu. "Na siku hiyo," akasema akishusha sauti, "nilisafiri usiku kucha nimekaa wima. Mimi, fundi. Niliona haya kuuliza kitufe."

Akanikumbusha jambo ambalo sisi wa mtaani hatulifikirii. Kabla ya uwanja wa Embakasi, JKIA ya leo, kufunguliwa mwaka 1958, ndege kubwa zilitua Eastleigh, na watoto wa Kaloleni walikwenda kwa miguu kuzitazama. Embakasi nako kulichimbwa na mahabusu wa vita vya Mau Mau, kwa sululu na karai. Halafu uwanja ulipokwisha, familia zikawa zinakwenda Jumapili kusimama kwenye roshani ya kupungia mikono, nguo safi, watoto wamepakwa mafuta, kuwapungia watu wasiowajua. "Ndege kubwa zote za Nairobi zimekuwa za Eastlands," akasema. "Sisi tu ndio tulikuwa hatupandi."

Nikamuuliza haya mambo ya daraja la biashara yalitoka wapi. Akasema yalianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Wafanyabiashara walikuwa wakilipa nauli kamili, kisha wanajikuta bega kwa bega na mtalii aliyepata tikiti ya bei ya kutupa. Wakanung'unika, wakatengewa sehemu yao. Nikamwelewa bila ufafanuzi. Nani hajawahi kulipa soo nzima, yaani mia, kwenda mjini, halafu anayeketi kando yake akamwambia makanga, "Niko na finje," na hiyo hamsini ikapokelewa? Tofauti ni kwamba sisi hatukujengewa ukuta. Tulisonya, tukaendelea na safari.

Aliponitajia bei ya kiti kile nilihesabu kodi yangu ya miaka mitatu, na chenji ikabaki. Kiti hakifiki London mapema kuliko cha nyuma. Hata kimo tunachojivunia kina mushkeli: mzee alinieleza kwamba ndani ya Boeing 787 hewa hushindiliwa ikawa kama ya mtu aliye mita 1,800 hivi juu ya bahari. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700. Kwa upande wa mapafu yangu, safari yote ile ya mawinguni ilikuwa imeishia Kangemi.

Taa zikazimwa. Nikalala chali, kitanda kimenyooka, blanketi safi, soksi za bure miguuni, shati limekauka na kuwa gumu kama kadibodi. Usingizi ukakataa. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto. Nikagundua nasikiliza. Hakuna mtoto anayelia ukutani, hakuna mtungi unaoburutwa ngazini, hakuna mhubiri wa spika, hakuna mama anayemuuliza mwenzake kwa sauti kama tokeni zake za stima zimeingia. Hakuna anayenigusa popote. Pesa yote ile mtu analipa ili asiguswe bega, na mimi bega langu limezoea kuwa na mwenyewe. Nilifika London macho mekundu, na dada aliponiona na shati lile alipiga yowe akidhani nimechomwa kisu.

Wiki tatu zikaisha. Nilirudi kule nyuma, kiti cha katikati, nikalala kidogo. Pale JKIA nikafuata gari la namba 34. Lilikuwa tupu, nikakataa kuingia, nikangoja kando mpaka likajaa, na safari hii nilikuwa sahihi. Makanga akanibana wa nne kwenye kiti cha watatu, sanduku mapajani, kiwiko cha mama mmoja ubavuni, redio inapasuka. Hatujavuka Embakasi Village nilikuwa nimelala fofofo, kichwa begani mwa mtu nisiyemjua, naye hakulisogeza.

Niliamkia Donholm. Nikashuka, nikavuka barabara na sanduku langu, nikalipa shilingi thelathini nyingine kurudi Pipeline.