Mmoja Akosee, Mtaa Ufungwe
Masikio yangu bado yana moto tangu juzi. Nilikuwa nimewakusanya wazee wa Hadado, Wajir, wajionee bei za ngamia kwenye tovuti ninayoiendesha, na tovuti ikanikatalia katakata. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole unaoua: "Abti (mjomba), hili duka ni lako kweli?"

Ni langu, na mlinzi ni wangu. Seva ikishapata anwani kwenye intaneti, roboti huanza kuibishia hodi usiku kucha: jina root na nywila 123456, jina admin na nywila admin, bila haya wala usingizi. Kila hodi huandikwa kwenye daftari la seva. Mlinzi wangu, Fail2ban, programu iliyoanzishwa na Cyril Jaquier mwaka 2004, hulipitia daftari hilo. Ikiona anwani moja imekosea mara 5 ndani ya dakika 10, huifungia nje dakika 10. Utamu uko kwenye hesabu. Nywila ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000, ambayo roboti huimaliza upesi. Lakini ikibanwa kwenye majaribio kama 30 kwa saa, itahangaika karibu wiki mbili.

Ila mlinzi huyu hajui watu, anajua anwani. Na anwani za intaneti za IPv4 hazifiki bilioni 4.3, chache kuliko wanadamu, kwa hiyo kampuni za simu hurundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Dalali mmoja wa mbuzi alisahau nywila yake, akakosea mara tano, tukafungwa sote. Roboti yenyewe, yenye maelfu ya anwani, hukosea mara mbili hapa, mara mbili kule, ikapita salama.

Kompyuta haikuibuni sheria hii ya mmoja akosee, mtaa ufungwe. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwachuja Wakenya Wasomali na kuwapa waliothibitishwa kadi za rangi ya waridi. Vijana wetu waliendelea kuhojiwa na kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Februari 2025 rais alipokuja Wajir kutangaza kwamba uhakiki huo umefutwa. Kosa lao lilikuwa anwani.

Nikarudi kwenye seva, nikaiweka anwani yetu kwenye orodha ya wasioguswa. Mtandao ukatubadilishia kesho yake.

Sasa mlinzi anahesabu makosa ya akaunti, si ya anwani. Yaani ukilijua jina la mtu, unamfungia kwa kukosea nywila yake makusudi. Madalali wameligundua hilo kabla yangu: siku ya soko kila mmoja huamka mapema kumfungia mwenzake.